Laptopu Moja, Kazi Mbili: Jinsi ya Kuchagua Mashine ya Kuediti Picha Bila Kuchoma Akiba Yako

Jumamosi yoyote hapa Tena hukosi kumwona kijana na begi la kamera mgongoni, anakimbilia matatu kabla nauli ipande. Kuna ruracio Kiambu, harusi Machakos, mahafali ya chuo, au mtoto wa jirani Umoja anatimiza mwaka mmoja. Kupiga picha ni hasla halisi, na inalisha watu wengi Eastlands.

Lakini kupiga ni nusu ya kazi. Nusu nyingine inaanza usiku, ukiwa na picha mia nane na mteja anayeuliza, "Picha zangu ziko wapi?" Hapo ndipo unahitaji kompyuta inayoweza. Wengi wetu hatuna pesa ya kununua mbili, moja ya kubeba na nyingine ya kukaa mezani. Laptopu ni moja, na inafanya yote: asubuhi iko kwa begi, usiku ni studio.

Ndiyo maana kuichagua vibaya kunauma. Hizo ni pesa umeweka kidogo kidogo miezi kadhaa. Ukinunua mashine inayoganda kila ukifungua picha ya tatu, huwezi kuirudisha kama sukari iliyomwagika dukani. Hebu tuone unachopaswa kuangalia, kisha jinsi ya kulipa kwa simu bila kuchezewa.

Anza na hesabu ya kazi yako

Kabla ya kuuliza bei, jua mzigo wako. Faili moja ya RAW kutoka kamera ya megapikseli 24 huwa kama MB 25 hadi 30. Picha 800 za harusi zinakuletea karibu GB 20 au zaidi. Laptopu yenye diski ya GB 256, ukitoa nafasi ya Windows na programu, inabeba harusi nane hivi kisha inajaa. Kama unapiga JPEG pekee za siku za kuzaliwa, mzigo ni mwepesi zaidi na hauhitaji mashine ya bei kali.

Andika mambo matatu kwenye simu yako: unapiga RAW au JPEG, picha ngapi kwa wiki, na unatumia programu gani. Ukiingia dukani na majibu hayo, muuzaji hatakuuzia kile kinachomsumbua kwenye rafu.

Skrini ndiyo macho yako

Watu wengi huuliza kwanza, "Ni Core i ngapi?" Kwa mtu wa picha, swali la kwanza ni skrini. Prosesa ya polepole inakuchelewesha tu. Skrini mbaya inakudanganya.

Iko hivi. Rangi nyingi unazoona mtandaoni na kwenye simu zinafuata kipimo kinachoitwa sRGB, ambacho HP na Microsoft walikitengeneza mwaka 1996. Skrini nzuri ya kazi inaonyesha karibu asilimia 100 ya sRGB. Laptopu nyingi za ofisi zina skrini inayoandikwa "45% NTSC", ambayo inafikia kama theluthi mbili tu ya sRGB. Nyekundu inaonekana imepauka, na ngozi ya bibi harusi inaonekana haina uhai. Wewe unaongeza rangi ili ipendeze. Mteja akifungua kwenye simu yake yenye kioo kikali, bibi harusi amegeuka rangi ya chungwa. Kosa halikuwa kwa mkono wako, lakini jina linaloharibika ni lako.

Ukiwa dukani, angalia haya:

- Iwe IPS, si TN. Simama mbele yake, kisha sogea kando na uinamishe skrini nyuma. Kama rangi zinageuka na uso unakuwa mweusi, hiyo ni TN. Iache.
- Iwe na pikseli 1920 kwa 1080 angalau. Bado kuna laptopu za zamani za 1366 kwa 768. Kwa kazi ya picha hiyo ni ndogo.
- Mwangaza uwe niti 300 kama unaweza kupata. Nyingi za ofisi ni 250, ambazo zinatosha ndani ya nyumba lakini si karibu na dirisha.
- Fungua ukurasa mweupe kabisa. Tafuta madoa meupe, mabaka ya manjano au mistari. Kisha fungua mweusi utafute nukta zinazowaka.
- Beba picha yako kwenye flashi, picha unayoijua vizuri na iliyo na nyuso za watu. Ifungue pale pale ulinganishe na vile unavyoijua.

Ukishanunua, zima ile hali ya usiku inayofanya skrini iwe ya manjano kabla ya kuanza kuediti. Na usiweke mwangaza juu kabisa; skrini ikiwaka sana, utatia picha giza bila kujua, na zikichapishwa zitatoka nyeusi.

RAM na prosesa: usinunue jina

Kwa Lightroom Classic na Photoshop, Adobe wanasema kiwango cha chini ni RAM ya GB 8, na wanapendekeza 16. Chukulia 16 kama lengo lako. Si lazima uipate siku ya kwanza, bora laptopu iwe na nafasi ya kuongeza. Mashine kama Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 zina nafasi mbili za RAM, kwa hivyo unaweza kununua na 8 leo na kuongeza 8 ukipata kazi ya Desemba. Lakini ThinkPad X1 Carbon RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ulichonunua ndicho utakufa nacho.

Sasa prosesa. "Core i5" ni jina la familia tu. Namba zinazofuata ndizo zinakwambia umri. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-7300U cha 7, i5-8350U cha 8, i5-10210U cha 10 na i5-1135G7 cha 11. Tofauti kubwa iko kati ya 7 na 8. Zile i5 za U za kizazi cha 7 zina koa mbili. Za kizazi cha 8 zina koa nne. Ni kama kuhamisha nyumba na watu wawili badala ya wanne.

Kuna sababu nyingine ya kusisitiza kizazi cha 8. Microsoft waliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inahitaji Intel kizazi cha 8 kwenda juu, au AMD Ryzen zinazokubalika. Ndiyo maana utaona i7 ya kizazi cha 6 inauzwa bei ya kutupa na muuzaji anakwambia, "Boss, hii ni i7!" Wengine wameiweka Windows 11 kwa njia ya mkato. Itawaka, ndiyo, lakini Microsoft hawakuahidi kuihudumia. i5 ya kizazi cha 8 ni bora kuliko i7 ya kizazi cha 6 kwa kazi yako.

Kadi ya picha ya Nvidia je? Kama unatumia sana ile Denoise ya Lightroom iliyokuja Aprili 2023, itakusaidia, maana kazi hiyo inategemea kadi ya picha. Kama unarekebisha mwanga, rangi na kukata picha tu, weka pesa hiyo kwa RAM na skrini.

Na MacBook? MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ina skrini nzuri sana kwa rangi na betri inayodumu. Tatizo ni kwamba RAM haiongezwi na diski haibadilishwi, na nyingi zilizo sokoni ni za GB 8. Ukichukua hiyo, ongeza hesabu ya diski ya nje.

Diski: SSD au usinunue

Usikubali laptopu ya diski ya zamani inayozunguka kama ndiyo diski kuu. Chukua SSD, na ikiwezekana ile ya NVMe. GB 512 ni starehe, GB 256 inawezekana ukiwa na diski ya nje.

Hiyo diski ya nje si anasa. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3 za kila picha, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae mahali pengine. Kwa lugha ya mtaa: moja kwa laptopu, moja kwa diski ya nje, moja mtandaoni au kwa dada yako Donholm. Laptopu ikiibiwa kwenye matatu, unaweza kununua nyingine. Harusi ya mtu hairudiwi.

Ex-UK: kuna kamera na kuna fagia

Wanaonunua mitumba Gikomba wanajua: kuna kamera, yaani chaguo la kwanza, na kuna fagia, yaani kilichobaki chini. Laptopu za Ex-UK ni vivyo hivyo. Nyingi zilikuwa za kampuni huko Uingereza, zimetumika miaka mitatu au minne kisha zikauzwa kwa jumla. Ni imara, zinafunguka kwa urahisi, vipuri vinapatikana, na chaja zake zina pini tatu kama soketi zetu za Kenya. Kwa mtu wa Luthuli Avenue au Moi Avenue, hiyo ndiyo biashara ya kila siku.

Lakini kagua kabla ya kulipa. Nusu saa inatosha, na muuzaji mwaminifu hatakukataza:

1. Izime kabisa, uiwashe tena. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS. Ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, ondoka.
2. Angalia kama bado ni ya kampuni. Ikionyesha jina la shirika fulani wakati wa kuiweka upya, inaweza kufungwa kutoka mbali. Kwa MacBook, hakikisha akaunti ya iCloud ya mwenyewe imetolewa na uiweke upya mbele yako.
3. Pima betri. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike *powercfg /batteryreport*. Linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wa sasa. Ikiwa chini ya nusu, omba punguzo la betri mpya. Stima ikipotea Tena saa tatu usiku, betri ndiyo inaokoa kazi yako.
4. Pima SSD. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaonyesha afya yake kwa asilimia.
5. Jaribu kila tundu. USB, HDMI, sehemu ya kadi ya kamera, kibodi yote, kamera, spika na Wi-Fi.
6. Ipe kazi. Fungua picha zako ishirini za RAW, uzihamishe ziwe JPEG. Sikiliza feni, shika chini uone joto. Ikizima yenyewe, asante na kwaheri.

Ikifika nyumbani, igeuze studio

Hapa ndipo siri ya "laptopu moja, kazi mbili" ilipo. ThinkPad ya ofisi yenye skrini ya kawaida inaweza kuwa mashine nzuri ya kuediti ukiichomeka kwenye monita ya IPS ya inchi 24 inayofikisha sRGB. Monita hiyo haitoki nyumbani, haianguki kwenye matatu, na utaendelea kuitumia hata ukibadilisha laptopu. Ongeza kibodi na mausi ya kawaida, na mgongo wako utashukuru.

Kwa hivyo una njia mbili. Kama unaediti ukiwa njiani au kwa mteja, weka pesa kwenye laptopu yenye skrini nzuri. Kama asilimia kubwa unaeditia nyumbani, chukua laptopu imara ya bei ya kati na monita nzuri. Kwa wapiga picha wengi wa mtaa, njia ya pili inatoa rangi bora kwa pesa ile ile.

Huna kifaa cha kupima rangi? Chapisha picha tano kwenye studio unayoitumia, uziweke kando ya skrini, kisha upunguze au uongeze mwangaza hadi zifanane. Hailingani na kifaa halisi, lakini inakuondoa gizani.

Bajeti: hesabu yote, si laptopu tu

Tuseme una KSh 70,000. Usitumie yote kwa laptopu. Gawa hivi kama mfano: 42,000 laptopu, 15,000 monita, 7,000 diski ya nje, 4,000 RAM ya kuongeza, na 2,000 ibaki ya nyaya na nauli. Bei hubadilika kila wiki, kwa hivyo uliza maduka matatu kabla ya kuamua.

Vipi kuhusu lipa mdogo mdogo? Inasaidia, ila piga hesabu hadi mwisho. Tuseme laptopu ni KSh 55,000 ukilipa taslimu. Kwa mdogo mdogo unaambiwa deposti 15,000 kisha 1,200 kila wiki kwa wiki 52. Hizo za kila wiki ni 62,400. Ukijumlisha na deposti, umelipa 77,400. Tofauti ni 22,400, yaani monita na diski ya nje zimeenda. Kama una kazi ya hakika inayokuja, inaweza kufaa. Kama huna, fungia akiba yako kwenye akaunti ya simu inayofungwa kwa muda, weka 1,200 hiyo hiyo kila wiki, na laptopu ya zamani iendelee kusukuma.

Mikopo ya haraka ya simu yenye ada ya kila siku ni ya dharura. Usinunulie laptopu.

Kulipa: hapa ndipo wengi wanaumia

Umeipata mashine, umeikagua, mmekubaliana bei ya mwisho. Sasa tulia.

- Lipa kwa Till ya duka, si namba ya mtu. Ukisikia, "Till iko na shida, tuma kwa hii yangu," hiyo ni ishara ya kusimama. Ukilipa kwa Lipa na M-Pesa Buy Goods, mnunuzi hakatwi ada, na jina la biashara linabaki kwenye ujumbe wako.
- Soma jina kabla ya kuweka PIN. Lifanane na jina la duka kwenye risiti. Kama duka ni la kompyuta na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, uliza kwanza.
- Usitume deposti kwa kitu hujaona. Matangazo ya mtandaoni yenye bei tamu na "tuma 5,000 nikuwekee" ndiyo mtego wa kila siku. Asiye na duka akutane nawe mahali pa wazi, mchana, na ulipe baada ya kukagua.
- Jua kiwango chako. Kwa M-Pesa, tangu Agosti 2023 muamala mmoja unafika KSh 250,000, na kwa siku KSh 500,000. Kwa hivyo huna haja ya kutoa pesa kwa ajenti na kutembea nazo Luthuli mfukoni.
- Dai risiti. Iwe na jina la duka, modeli, namba ya serial iliyo chini ya laptopu, tarehe, na waranti ni ya muda gani na inahusu nini. "Waranti ya mdomo" si waranti.
- Hifadhi ujumbe wa malipo. Usiufute. Piga picha ya risiti pia, maana wino wa risiti hufifia.

Ukikosea namba kwenye M-Pesa, sambaza ujumbe huo kwa 456 mara moja. Lakini elewa: kurudisha muamala ni kwa pesa iliyoenda pasipofaa. Si dawa ya laptopu iliyoharibika wiki ya pili. Hiyo unapambana nayo kwa risiti na waranti.

Na kama unauza ile ya zamani ili uongezee mpya, usikabidhi mashine kwa sababu umeonyeshwa ujumbe. Ujumbe feki ni rahisi kutengeneza. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Jambo la mwisho: programu za wizi

Rafiki atakwambia, "Nikupee Photoshop ya bure?" Programu zilizovunjwa mara nyingi huja na virusi vinavyokusanya nenosiri, na hiyo ndiyo laptopu unayofungulia barua pepe, benki na picha za wateja. Kuna njia halali. Darktable, RawTherapee na GIMP ni za bure kabisa na zinafanya kazi ya kweli. Ukitaka Adobe, unaweza kulipia kila mwezi hata bila kadi ya benki. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, inatumika kwa malipo kama hayo. Weka ada hiyo ndani ya bei unayomtoza mteja.

Na PIN yako ya pesa usiiandike popote kwenye laptopu, hata kwenye faili uliyoipa jina la "mapishi".

Kabla hujatoka nyumbani kwenda mjini, jiulize mara moja zaidi: skrini IPS, kizazi cha 8 kwenda juu, RAM 16 au nafasi ya kuongeza, SSD, betri iliyopimwa, Till yenye jina la duka, risiti mkononi. Vyote saba vikiwepo, lipa bila wasiwasi. Kimoja kikikosa, sema, "Narudi kesho," na umaanishe. Laptopu bado ziko, na pesa yako bado iko kwa simu yako.